Habari ya Moyo Wangu ni Mbaya

Mara ya kwanza moyo wangu ulipofanya vile, nilikuwa nimekaa. Naliweka hilo mbele kwa sababu ndilo ambalo kila mtu alikuja kulipuuza. Sikuwa nakimbia, sikuwa nimepanda mlima, sikuwa nimegombana na mtu. Nilikuwa kwenye cherehani yangu, kwenye kibaraza tunachopanga mafundi watatu karibu na soko la Morogoro, nikishona kola ya shati la shule. Saa nane mchana. Niliinama kukata uzi kwa meno, na nilipoinua kichwa moyo ulikuwa umeshaondoka.

Haukuongeza mwendo kidogo kidogo. Pigo moja lilikuwa la kawaida, lililofuata lilikuwa tayari ndani ya kitu kingine, kama cherehani ya umeme mtu anapokanyaga pedali mpaka chini. Nilisikia mapigo kooni na masikioni. Kwa kuwa mimi ni mtu wa kupima, niliweka vidole shingoni nikatazama saa ya simu: mapigo arobaini na sita kwa sekunde kumi na tano. Yote sawasawa, hakuna lililochelewa wala kuwahi. Baada ya dakika ishirini yakakatika ghafla vilevile, nikabaki nimelowa jasho, nikatazama mshono niliokuwa nimeuacha. Ulikuwa umepinda. Niliufumua.

Hapo inabidi nikiri jambo. Mimi nafumua sana. Kushona nimejifundisha mwenyewe, sikukaa chini ya fundi wala sikwenda chuo. Nilikuwa nanunua mashati ya mitumba, nayafumua mshono mmoja mmoja, natandaza vipande juu ya gazeti na kuchora. Aliyejifundisha mwenyewe hana wa kumwambia "hapo inatosha," kwa hiyo haitoshi. Nimewahi kufumua pindo la gauni la bibi harusi mara nne, naye amekaa nje na nywele zimeshasukwa. Nalala nikiwaza vifungo. Wasiwasi ninao, nimekuwa nao tangu shule ya msingi, na yeyote anayenifahamu kwa siku mbili anajua. Ndiyo maana ilikuwa rahisi sana kwao.

Mara ya tatu moyo ulipoondoka nilifunga kazi nikaenda zahanati ya mtaani kwetu. Mpaka foleni inanifikia, moyo ulikuwa umetulia. Nesi alikuwa mama mnene, mchangamfu, na nyuma yake kulikuwa na mwenzake akipanga vidonge kwenye vifuko.

"Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Habari yako?"

"Nzuri."

"Haya, unasumbuliwa na nini?"

"Moyo unanienda mbio."

Akainua macho, akatabasamu. "Umemkosea nani?"

Mwenzake akadakia bila kugeuka: "Huyo kafumaniwa."

"Au kafumania yeye," akasema nesi. "Wasichana wa siku hizi mnashika simu za watu, mnakuta mambo, halafu mnakuja kutusumbua sisi."

Walicheka, na mimi nikacheka. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilicheka nao, nikanyoosha mkono, wakanifunga mashine ya presha.

"Presha yako safi kuliko yangu," akasema nesi. "Nenda ukapumzike. Punguza mawazo." Kwenye daftari langu la kliniki akaandika neno moja: *wasiwasi*.

Nimeifikiria sana sentensi hii, *moyo unanienda mbio*. Ndiyo tuliyo nayo. Lakini tumeitumia kwa kila kitu mpaka imechakaa. Moyo unaenda mbio ukisubiri matokeo ya mtihani, ukiitwa na mwenye nyumba, ukimwona mtu unayempenda akivuka barabara. Anayekwenda hospitali na sentensi hiyo anasikika kama mtu aliyekuja kusimulia mapenzi. Na zaidi ya hapo nilikuwa nimeulizwa habari yangu nikajibu nzuri. Sote tunajibu nzuri. Unaweza kuwa umebebwa kwenye machela, ukiulizwa habari unajibu nzuri, kisha ndiyo unaeleza kinachokuua. Yule nesi alisikia nzuri, akasikia mbio, akajumlisha.

Nilianza kusoma. Kwa simu, jioni baada ya kazi, kamusi pembeni, nikinakili maneno nisiyoyajua kwenye migongo ya karatasi za vipimo vya wateja. Nilikuja kuelewa kwamba moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini, na kwamba katika chumba cha juu cha kulia kuna kijisehemu kinachotoa cheche, ndicho kinachoamua mwendo wa moyo mzima. Cheche inasambaa vyumba vya juu, inapita katikati kwenye kituo kinachoichelewesha kidogo, kisha inashuka chini. Na inaweza kutokea sehemu nyingine ya ukuta wa vyumba vya juu, sehemu isiyo na kazi hiyo, ikaanza kutoa cheche zake yenyewe, haraka zaidi, na kwa sababu ina haraka zaidi inatawala. Vyumba vya chini vinafuata tu. Kuna aina ambayo mapigo yanakuwa sawasawa, kama yangu, na kuna aina ambayo vyumba vya juu vinatetemeka ovyo, mapigo hayana mpangilio, damu inazubaa kwenye kona na kuganda, na bonge likipanda kichwani linaleta kiharusi. Nilisoma pia kwamba moyo ukikimbia muda mrefu mno bila kutibiwa unaweza kuchoka na kutanuka.

Nilisoma vilevile kwamba yote haya yanaonekana kwenye karatasi ya kipimo cha umeme wa moyo, ile ECG, lakini mara nyingi kwa sharti moja: upimwe moyo ukiwa unafanya. Ukishatulia, karatasi inaweza kutoka safi kama ya mtu mwingine yeyote.

Kwa hiyo nilianza daftari. Kila moyo ulipoondoka niliandika siku, saa, nilikuwa nafanya nini, mapigo mangapi, umekaa dakika ngapi, umeanzaje, umeishaje. Baada ya miezi miwili nilikuwa na kurasa kumi na moja, na daftari lilikuwa baya. Lilikuwa na tone la mafuta ya cherehani, mwandiko wa mkono unaotetemeka, ukurasa mmoja umekatwa na mkasi kwa bahati mbaya. Nilipopata siku ya kuonana na daktari kwenye hospitali kubwa, sikuweza kumpelekea mtu aliyesoma kitu kama kile. Nililinakili lote upya usiku wa kuamkia siku hiyo. Daftari jipya, mistari kwa rula, vichwa vya safu kwa wino mwekundu. La zamani niliwashia jiko.

Daktari alikuwa kijana, labda ananizidi miaka mitano. Alinipima ECG, moyo ukiwa umetulia kabisa, karatasi ikatoka safi. Kisha akafungua daftari langu. Alifunua kurasa polepole, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nasubiri asifie mwandiko.

"Haya umeyaandika lini?"

"Kila unaponitokea, dokta."

"Miezi miwili?"

"Ndiyo."

"Kwa kalamu moja. Bila kufuta hata mahali pamoja." Alinitazama kwa upole, na ule upole ulikuwa mbaya kuliko kicheko cha nesi. "Dada, unalala vizuri?"

Nilijaribu kueleza kuhusu mafuta, mkasi, jiko. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kusikika kama mtu anayehitaji vidonge. Akaniandikia vidonge vya kutuliza. Na kwenye faili, niliona alipoligeuza, neno lilelile: *wasiwasi*.

Nilikasirika, lakini nilivimeza vile vidonge. Nilikuwa nimefundishwa kutii koti jeupe. Nilikuwa nashona kama niliye chini ya maji. Wiki ya pili nikabandika mkono wa kushoto wa koti la mteja upande wa kulia, nikaupiga pasi, nikautundika, nikaondoka. Mafundi wenzangu ndio walioona. Moyo wenyewe haukujali vidonge. Uliondoka siku ulipotaka.

Mmoja wa wenzangu alimpigia mama simu kijijini kwetu, Mlali. Mama akashuka siku iliyofuata na khanga mbili na uamuzi alioufanya njiani.

"Unarudi nyumbani," akasema. "Hiki chuma kinakumaliza."

"Mama, si cherehani."

"Hospitali wamesema nini?"

"Wasiwasi."

"Na wasiwasi unautoa wapi kama si hapa? Mtu mzima unakesha na vifungo!" Alishaanza kufunga vitambaa vyangu kwenye shuka. "Cherehani tutampa binti wa mama yako mdogo, yeye hana mawazo."

Na nilikuwa na karatasi mbili za serikali zinazomuunga mkono. Hicho ndicho kilichokuwa kinanitoka mikononi: kazi pekee niliyoijua, niliyojipa mwenyewe bila kuombewa na mtu, ilikuwa inachukuliwa kwa neno moja lililoandikwa na watu ambao hawakuwahi kunishika mkono moyo ukiwa unafanya. Nilienda naye Mlali. Cherehani ilibaki imefunikwa, ikimsubiri binti wa mama mdogo aje Jumamosi.

Siku ya nne kule, asubuhi, nilikuwa nimechuchumaa napepeta mchele. Ungo ukawa mzito, moyo ukaondoka. Nilihesabu: arobaini na saba kwa sekunde kumi na tano. Dakika ishirini zikapita. Thelathini. Haukukatika. Mama akaniona midomo imepauka, akaacha sufuria jikoni, tukaenda zahanati.

Tulimkuta afisa tabibu mlangoni, mwanamke wa makamo, mkoba begani, funguo mkononi, anakwenda msibani na hakuficha kwamba tunamchelewesha.

"Nini?"

"Moyo unan—"

"Mbio, nimeshakusikia. Kila mtu hapa moyo unamwenda mbio." Akaniketisha. "Usiniambie. Nigongee."

"Nini?"

"Gonga hapo mezani. Unavyopiga. Gonga."

Niligonga kwa kidole cha kati. Aligeuza kichwa kusikiliza, kisha akanishika mkono, na nilimwona akilinganisha kidole changu na mshipa wangu. Mkoba ukateremka begani.

"Huwa unaanza ghafla au unapanda polepole?"

Miezi minne. Watu watatu wa afya. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo, na lilikuwa swali la kwanza nililosoma kwenye simu yangu.

"Ghafla," nikasema. "Na unakatika ghafla." Nikaanza kulia, naye akasema nilie baadaye.

Alinipima presha, akasema inashikilia. Alinipa bomba la sindano lisilo na sindano, akaniambia nipulize kwa nguvu mpaka kile kisukumio cha ndani kisogee, huku akihesabu hadi kumi na tano, kisha akanilaza chali na kuniinua miguu. Alieleza huku anafanya: kuna aina za mbio zinazokatika kwa njia hiyo. Yangu haikukatika. Tulirudia mara mbili. Haikukatika.

"Sina mashine ya ECG hapa," akasema. "Unaondoka sasa hivi na moyo huohuo. Ukifika umetulia, umerudi kulekule kwenye wasiwasi." Alikwisha kuchukua kalamu. Aliandika barua fupi, akapiga simu mjini, na akamzuia kijana aliyekuwa anapita na kirikuu, ile pikapu ndogo, imejaa kabichi za kupeleka sokoni, akamweleza kwamba lazima nifike moyo ukiwa bado unakimbia. "Ukizimia njiani, au kifua kikibana, mnasimama kituo chochote cha afya kilicho karibu. Sawa? Nendeni."

Mama alipanda nyuma juu ya kabichi. Mimi nilikaa mbele. Dereva alikuwa ananitazama kuliko alivyotazama barabara.

"Dada'angu usije ukanifia humu, gari si langu."

"Tazama mbele."

"Bado unapiga?"

"Bado."

"Dah. Sasa hapa tunaomba upone au usipone?"

Lilikuwa swali zuri kuliko alivyojua. Milima ilikuwa upande wangu wa dirisha, kijani na ukungu kichwani, na mimi nilikuwa nimeshika shingo yangu nikiuomba ugonjwa usiniache. Kwa mara ya kwanza niliogopa utulivu. Niliogopa pia kufa, sitadanganya. Nilikuwa na wasiwasi kuliko siku zote za maisha yangu, na ulikuwa umekuja nyuma ya moyo, haukutangulia.

"Usiombe nipone," nikamwambia. "Omba tufike."

Akakanyaga mafuta. Nyuma mama akapiga bodi kwa kiganja: "Wewe kijana! Kuna watu huku!"

Hospitali tulimkuta dada wa mapokezi nyuma ya kioo, mezani kwake kuna rundo la mafaili. Alinyoosha mkono kuchukua barua bila kuisoma.

"Habari yako, dada?"

Neno lilikuwa ulimini tayari, limejaa mate, limezoea njia. Nzuri. Nililimeza.

"Mbaya," nikasema.

Aliinua uso. Nyuma yangu kwenye benchi mazungumzo yalikatika. Mzee mmoja alisema "Astaghfirullah" kwa sauti ya chini, kama niliyemvulia nguo mbele yake.

"Mbona unajibu hivyo?"

"Kwa sababu ni mbaya. Moyo wangu unapiga zaidi ya mara mia na themanini kwa dakika, una saa moja na nusu. Barua inasema nipimwe ECG kwanza. Isome."

"Subiri kwenye benchi utait—"

"Sisubiri kwenye benchi."

Mama, ambaye maisha yake yote amenifundisha kupiga goti, alikuja akasimama kando yangu na majani ya kabichi kwenye khanga. "Hasubiri kwenye benchi," akasema.

Nesi aliyekuwa anapita alinishika kiwiko, akanishika mshipa, na hakuuliza kitu kingine. Baada ya dakika tano nilikuwa kitandani, nyaya kifuani, na mashine ikaanza kutema karatasi. Ilikuwa ndefu. Mistari ilikuwa imesongamana, midogo, imelingana. Nesi aliitazama, akasema "Mmh," kisha akasema, "Mwiteni dokta."

Alikuja yeye. Yule wa daftari.

Aliisoma karatasi akiwa amesimama. Kisha akaketi na kuisoma tena. Aliniambia atanidunga dawa ambayo itanifanya nijisikie kama ninakufa kwa sekunde chache, na kwamba sitakufa. Alisema kweli mara zote mbili. Ilikuwa kama kukanyaga ngazi ambayo haipo. Kifua kikawa kizito, moto ukapanda usoni, na moyo ukanyamaza. Mashine iliendelea kuandika. Baadaye alinionyesha sehemu ile: vyumba vya chini vimenyamaza, hakuna hata mstari mrefu mmoja, na katikati ya ukimya huo vilima vidogo vinafuatana haraka haraka, sawasawa, kama mishono ya kushikizia. Vyumba vya juu vilikuwa vinaendelea peke yao. Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipokaa, umejiandika kwa mkono wake.

Moyo ulirudi kwenye mbio, akanipa dawa nyingine ya kuupunguza, na alasiri ukakatika. Nilipimwa tena kulinganisha. Alieleza, na alieleza vizuri, siwezi kumnyima hilo. Kuna sehemu kwenye ukuta wa vyumba vya juu inayotoa cheche zake. Nitameza kidonge kila siku cha kuituliza. Nitapimwa tezi la shingoni, kwa sababu likizidisha kazi linaweza kuuchokoza moyo, na nitapigwa picha ya moyo kuona kama umeanza kuchoka. Kisha nitakwenda Dar, kwa madaktari wa moyo, ambao wanaweza kupitisha waya kwenye mshipa wa paja hadi mle ndani na kuiunguza ile sehemu. Wengi, alisema, hawarudiwi tena.

"Anaweza kushona?" mama akauliza.

"Kwa nini asishone?"

Mama alitazama ukuta. Nadhani alikuwa anafikiria Jumamosi.

Kisha daktari akasema, "Pole sana, dada."

Nimelelewa kujibu neno hilo haraka, asante, nimeshapoa. Lakini pole mtu humwambia hata aliyeangukiwa na nazi. Haina mwenye kosa. Nilikuwa nimelala pale na alama za nyaya kifuani, mkono wa koti la mteja bado umebandikwa kinyume kichwani mwangu, miezi yangu miwili ya daftari imelala kwenye jivu la jiko.

"Asante," nikasema. "Na samahani?"

Nesi akajifanya anarekebisha pazia. Daktari akaikunja ile karatasi ya mashine, na mimi nikaanza kujuta, kwa kuwa mimi ni mtu wa kujuta, kisha akasema, taratibu, "Samahani. Nilipaswa kukuuliza zaidi."

Akavuta faili na kufungua kalamu. Nilijua anakwenda wapi. Alishaweka ncha juu ya lile neno ili alikate.

"Usilifute," nikamwambia. "Wasiwasi ninao kweli. Andika na la pili. Juu yake."

Aliandika kwa haraka, kama wanavyoandika wote, kisha akanigeuzia nione: *mapigo ya kasi kutoka vyumba vya juu vya moyo*. Niliisoma mara mbili. Alikuwa ameandika *vymba*.

"Kuna herufi imeruka, dokta," nikasema.

"Mwanangu," mama akasema.

"Hapo, baada ya *v-y*."

Akalichukua faili, akairudisha *u* mahali pake.